Je, Wajua? Bahari Haikuzizamisha Peke Yake

Je, wajua kwamba mwaka 1815 watu 372 walikufa maji karibu na ncha ya kusini ya Afrika kwa kukosa saa? Meli yao iliitwa Arniston. Ilikuwa ikitoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kurudi Uingereza, imechukua askari majeruhi pamoja na wanawake na watoto. Baharia wa zama hizo alijua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kulipima jua. Kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani kulihitaji kronomita, saa isiyoharibiwa na mawimbi wala joto. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Saa ikikosea dakika 4 tu, umekosea uzi mzima, na karibu na ikweta hizo ni kama kilomita 111.

Arniston haikuwa na kronomita hata moja. Bei yake ilikuwa kubwa, nahodha George Simpson hakuimudu, na wenye meli walikataa kuinunua. Meli ilitegemea msafara wa vyombo vingine vyenye saa, hadi dhoruba ilipowatenganisha. Tarehe 30 Mei nahodha aliamini kwamba ameshaipita Rasi ya Tumaini Jema, akageuza omo kuelekea kaskazini. Kumbe alikuwa bado upande wa Rasi Agulhas, na nchi kavu iko mbele yake. Walitia nanga, amari zikakatika. Kati ya watu 378, waliofika ufukweni wakiwa hai walikuwa 6. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wanne wa kiume wa familia moja ya Geils, na mama yao ndiye aliyewasimamishia jiwe la ukumbusho. Kijiji cha wavuvi kilichopo pale sasa kinaitwa Arniston.

Na wajua kwamba nahodha wa manowari ya Kifaransa Méduse alikuwa hajaongoza safari kwa zaidi ya miaka 20 alipokabidhiwa chombo, mwaka 1816? Hugues Duroy de Chaumareys aliteuliwa kwa sababu alikuwa mtiifu kwa ufalme uliorejea madarakani baada ya Napoleon kuanguka. Safari ilikuwa ya Saint-Louis, Senegal, kuupokea mji huo kutoka kwa Waingereza, na gavana mpya alikuwamo melini. Tarehe 2 Julai meli ikapanda fungu la Arguin, nje ya pwani ya Mauritania, maji yakiwa yamejaa bamvua. Mtu wa pwani anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo: chombo kikipanda fungu wakati wa bamvua, maji ya kesho hayafiki yalipofika ya leo, na kila siku inayopita kukinasua kunazidi kuwa kugumu. Mizinga ingeweza kutupwa ili meli iwe nyepesi. Nahodha akakataa.

Watu walikuwa kama 400 na mashua hazikutosha. Likaundwa chelezo la milingoti na mbao, urefu wake kama mita 20 na upana mita 7, wakapandishwa watu wapatao 147, mmoja wao mwanamke. Ahadi ilikuwa kwamba mashua zitalivuta chelezo hadi pwani. Nahodha na gavana walikuwa kwenye mashua. Haukupita muda mrefu kamba zikaachiliwa, chelezo likabaki peke yake. Akiba yao ilikuwa mfuko mmoja wa biskuti, ulioisha siku ya kwanza, maji kidogo, na mapipa ya mvinyo. Watu walipigana usiku, wakauana, wakala maiti, na dhaifu wakatupwa baharini ili mvinyo uwatoshe wenye nguvu. Siku ya 13 meli ya Argus ililikuta chelezo likiwa na watu 15 walio hai, na 5 kati yao walikufa muda mfupi baadaye.

Kuna wengine 17 waliokuwa wamebaki ndani ya Méduse yenyewe. Chombo kilichotumwa baadaye kwenda kuokoa fedha zilizoachwa humo kiliwakuta watatu wakiwa hai, siku 54 baada ya kutelekezwa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu Chaumareys kifungo cha miaka 3. Miaka mitatu! Kila nikiisoma hukumu hiyo nawafikiria wale waliotazama mashua zikienda, kamba zikiwa zimelegea majini.

Daktari wa meli, Savigny, na mhandisi Corréard, wote wawili manusura wa chelezo, waliandika kitabu mwaka 1817 na aibu ikaenea Ulaya nzima. Mchoraji kijana Théodore Géricault alizungumza nao, akamwomba fundi seremala aliyenusurika amtengenezee chelezo dogo la mfano, akaenda hospitalini na kwenye vyumba vya maiti kujifunza rangi ya mwili unaokufa. Mchoro wake wa mwaka 1819 uko Louvre mjini Paris, na ni mkubwa: karibu mita 5 kwa 7. Utazame juu kabisa. Anayepunga kitambaa kwa meli iliyo mbali ni mtu mweusi, na aliyekaa mbele ya mchoraji ili mwili huo uchorwe alikuwa Joseph, mzaliwa wa Haiti. Kumpa mtu mweusi kilele cha mchoro wa namna ile, wakati biashara ya watumwa ikiendelea kwa magendo katika bandari za Ufaransa, lilikuwa tendo la ujasiri.

Je, wajua kwamba meli iliyowaacha wenzake mwambani ilipotea yenyewe? Agosti 1803 mpima ramani Matthew Flinders alikuwa abiria katika Porpoise ilipopanda mwamba usiku, mashariki mwa Australia. Cato nayo ikapanda. Meli ya tatu, Bridgewater, ikaendelea na safari bila kuwasaidia. Flinders alichukua mashua ya wazi, wakaipa jina Hope, yaani Matumaini, akasafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Sydney, akarudi na vyombo vya kuwaokoa wenzake. Bridgewater ilifika Bombay salama, ikatoka tena, na haikuonekana hadi leo.

Wajua kwamba jahazi la Kichina la Tek Sing liliua watu wengi kuliko Titanic? Lilitoka Amoy kwenda Batavia, ambayo leo ni Jakarta, likiwa na watu kama 1,800, wengi wao wakienda kutafuta kazi, na shehena kubwa ya vyombo vya kauri chini. Februari 1822 lilipanda mwamba katika mlango wa bahari wa Gaspar. Walikufa wapatao 1,600. Meli ya Kiingereza Indiana iliyopita kesho yake iliokota watu karibu 190. Mwaka 1999 wapiga mbizi walitoa chini ya bahari vipande kama 350,000 vya kauri, vikapigwa mnada Ujerumani mwaka 2000. Sahani zile zina bei, na wanunuzi wanazionyesha majumbani kwao. Majina ya wale waliokuwa wakienda kutafuta kazi hayauzwi popote, na hayatajwi.

Krismasi ya 1811: manowari tatu za Uingereza, St George, Defence na Hero, zilipotea karibu wakati mmoja katika Bahari ya Kaskazini. St George ilikuwa imekwisha kuvunjikiwa milingoti, lakini safari ilikuwa imecheleweshwa na ikalazimika kuondoka hivyo hivyo. Defence ikabaki kuisindikiza. Mbili hizo ziliangukia pwani ya Jutland, Denmark, na kati ya watu zaidi ya 1,300 hawakupona hata 20. Ukijumlisha na Hero, vifo vinakaribia 2,000. Vita vingi vya baharini vya enzi ile havikuua Waingereza wengi hivyo.

Essex ya Nantucket, Marekani, ilibomolewa na nyangumi katika Pasifiki tarehe 20 Novemba 1820, na habari hiyo ndiyo iliyomsaidia Herman Melville kuandika riwaya ya Moby-Dick. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mabaharia 20 walioingia kwenye mashua tatu wangeweza kuelekea visiwa vilivyokuwa karibu zaidi, wakaviogopa kwa kusikia kwamba kuna wala watu. Wakachagua njia ndefu ya kwenda Amerika Kusini. Njaa iliwafanya wao wenyewe wale miili ya wenzao, na mwishowe wakapiga kura nani auawe. Waliopona walikuwa 8. Mabaharia weusi sita waliokuwamo hakupona hata mmoja. Nahodha George Pollard alipewa meli nyingine, Two Brothers, nayo ikavunjika miambani Hawaii mwaka 1823. Baada ya hapo hakuna aliyempa chombo tena, akawa mlinzi wa usiku mjini kwao.

Na waliokuwa ufukweni walifanya nini? Februari 1807 meli ya Snipe ilivunjika karibu na Great Yarmouth, Uingereza, karibu kabisa na nchi kavu, na umati ukashuhudia watu 67 wakifa. Mmoja wa waliotazama, George William Manby, alirudi nyumbani akaanza kujaribu mzinga mfupi unaorusha tufe lililofungwa kamba, lipite juu ya meli ili waliomo waishike kamba hiyo. Shida ilikuwa kamba kukatika au kuungua pale baruti inapolipuka. Akaifunga ngozi ya ng'ombe iliyosukwa mahali inapoungana na tufe. Februari 1808 mtambo huo uliwatoa salama mabaharia wa Elizabeth.

Je, wajua kwamba kabla ya 1808 maiti wa baharini huko Uingereza hawakuwa na haki ya kuzikwa makaburini? Walifukiwa pale pale walipookotwa, mara nyingi bila jeneza wala sala. Manowari Anson ilipovunjika Cornwall Desemba 1807 na maiti wake wakafukiwa namna hiyo, watu walichukizwa, na Bunge likapitisha sheria kwamba anayeokotwa ufukweni azikwe makaburini.

Mnara wa taa wa Bell Rock, nje ya Scotland, umejengwa juu ya mwamba unaofunikwa kila maji yanapojaa. Mafundi wa mhandisi Robert Stevenson waliukabili kuanzia 1807, wakifanya kazi saa chache maji yakipwa na kukimbilia botini yakirudi. Taa iliwashwa tarehe 1 Februari 1811. Bado inawaka. Kilichoharakisha ujenzi ni kupotea kwa manowari York mwaka 1804 na watu wote waliokuwamo, karibu 500.

Boti ya uokoaji Zetland iliundwa mwaka 1802, ikaokoa zaidi ya watu 500, na ipo hadi leo katika makumbusho yake Redcar, Uingereza.

Grace Darling alikuwa na miaka 22 tu. Septemba 1838, stima Forfarshire ilipovunjika miambani baada ya mitungi yake ya mvuke kuharibika, yeye na baba yake, mlinzi wa mnara wa Longstone, walipiga makasia katika dhoruba wakawafikia manusura 9. Walimkuta mama mmoja aliye hai, ameshikilia watoto wake wawili waliokwisha kufa. Picha za Grace ziliuzwa nchi nzima. Miaka 4 baadaye alikufa kwa kifua kikuu.

Hapa lazima tuzungumzie waliosafirishwa kama shehena. São José, meli ya Kireno, ilitoka Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na mateka zaidi ya 400, ikavunjika Cape Town tarehe 27 Desemba 1794, miaka michache kabla ya karne ya 19 tunayoizungumzia. Karibu nusu walikufa. Walionusurika waliuzwa siku chache baadaye. Mwaka 2015 wapiga mbizi walishuka mahali hapo wakamwaga udongo ulioletwa kutoka Msumbiji, ili wafu wawe na ardhi ya kwao.

Je, wajua kwamba kuokolewa kulikuwa hatari zaidi kwa mateka kuliko mwamba wenyewe? Tarehe 19 Desemba 1827 meli ya Kihispania Guerrero, yenye Waafrika 561, ilikuwa ikifukuzwa na manowari ya Uingereza ilipopanda mwamba Florida. Walikufa 41. Vyombo vilivyokuja kusaidia vilipakia manusura, na mabaharia wa Guerrero wakaviteka viwili wakaenda navyo Cuba pamoja na mateka karibu 400, wakawauza kama walivyokusudia tangu mwanzo.

Mwaka 1815 huohuo wa Arniston, nahodha Mmarekani James Riley alivunjikiwa na jahazi lake, Commerce, kwenye pwani ya Sahara. Yeye na mabaharia wake wakafanywa watumwa jangwani hadi yeye na baadhi yao walipokombolewa Morocco. Aliporudi kwao aliandika habari zake na akaupinga utumwa waziwazi. Kitabu hicho kilisomwa na kijana Abraham Lincoln, ambaye baadaye alikitaja miongoni mwa vitabu vilivyomwathiri.

Na upande wetu? Kati ya 1822 na 1826 nahodha William Owen aliongoza manowari Leven na Barracouta kupima pwani ya Afrika Mashariki: kutia bildi, kuhesabu pima, kuandika kila mwamba na fungu, ili meli zisiangamie kwa kutojua. Hakuna dhoruba iliyowamaliza watu wake. Homa ndiyo iliyowaua, wengi mno, na hakuna aliyefahamu wakati huo kwamba inaletwa na mbu. Mmoja wao alikuwa luteni kijana John James Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 baada ya Wamazrui, watawala wa mji huo, kuomba ulinzi wa Waingereza. Alidumu miezi michache tu. Ghuba iliyo nyuma ya Kilindini bado inaitwa Port Reitz, na fungu lililo kaskazini mwa Unguja, ambako wavuvi na wapiga mbizi huenda hadi leo, ni Leven.