Sauti Zisizo na Msemaji

Mara ngapi, msomaji wangu, umepita barazani ukamwona kijana akijibu maneno asiyoyasikia mwingine, na watu wakanong'ona: "Huyu ana pepo," au "Amerogwa"? Wepesi huo wa ulimi umewafikisha wengi kwenye minyororo kabla ya kufikishwa kwa tabibu.

Sisi watunzi twaweza kuifahamu hali hii. Nipangapo vina usiku kitandani, ubeti mzima hunipitia kichwani nami nikausikia, hali midomo imefumbwa. Wala sina shaka kuwa sauti ile ni yangu. Kwa nini? Wataalamu wasema sehemu ya ubongo itungayo maneno huipelekea taarifa sehemu isikilizayo: "Haya ni yetu, usishtuke." Kwa mwenye maradhi ya skizofrenia, yaonekana taarifa hiyo haifiki sawasawa. Maneno aliyoyazaa mwenyewe humjia kama ya mgeni, mara yakimtukana, mara yakimwamrisha.

Mwaka 1993 madaktari wa London walipima mwendo wa damu katika bongo za wagonjwa wakati sauti zikiwajia. Waliona damu imezidi katika sehemu ya mbele itoayo usemi. Miaka miwili baadaye, Karl Friston na Chris Frith, wa huko huko London, walitoa rai kuwa kasoro huenda haimo katika sehemu moja, bali katika mawasiliano baina ya sehemu na sehemu. Utafiti ungali unaendelea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa mtu 1 katika kila 300 ana maradhi haya. Basi si aibu ya nyumba moja. Na dawa zipo. Tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, wagonjwa wengi wamepunguziwa sauti hizo, ingawa si wote.

Kumsomea mgonjwa Kurani hakuzuii kumpeleka hospitali. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, wenye maradhi ya akili walitengewa mahali pao humo, watibiwe pamoja na wagonjwa wengine. Iwapo Waislamu wa zama zile walifanya hivyo, sisi wa leo tuna hoja gani ya kumfunga ndugu yetu kwenye shina la mwembe?

Anayesikia sauti hasemi uongo, anazisikia kweli. Msimcheke, wala msibishane naye. Mfungueni, mshikeni mkono, mfuatane naye kwa tabibu.