Chumvi Nayo Huchagua Stesheni

Wiki iliyopita niliteleza hapa hapa kwenye kipaza sauti. Nilisema kwamba uchafu ndani ya kitu kigumu huziba sauti, kama pamba sikioni. Kesho yake mwalimu mmoja wa fizikia alinisimamisha kituo cha basi. "Mzee," akaniambia, "hapo umetupotosha, na wanafunzi wangu walikuwa wanakusikiliza." Leo nalipa deni.

Chukua punje ya chumvi ya mawe. Ndani yake atomi za sodiamu na klorini zimepangwa kwa zamu, safu kwa safu, kama askari wa gwaride. Ukiigonga, ya kwanza huisukuma ya pili, ya pili huisukuma ya tatu. Hiyo ndiyo sauti. Hewani hukimbia kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chumvi huzidi mita 4,000.

Sasa ingiza mgeni: bromini mahali pa klorini. Uzito wake ni 80, wa klorini ni 35. Mawimbi marefu, yale ya sauti tunayoisikia, humpita kama wimbi kubwa la bahari linavyoipita nguzo ya gati. Mawimbi mafupi sana humgonga yakatawanyika. Urefu wa wimbi ukipungua kwa nusu, mtawanyiko huongezeka mara 16. Na mawimbi hayo mafupi ndiyo yanayobeba joto ndani ya chumvi. Yakitawanyika, joto nalo hukwama njiani.

Ipo ajabu zaidi. Mwaka 1962 Robert Pohl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichunguza kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi yetu, iliyotiwa naitriti kidogo na kupozwa kwa baridi kali. Naitriti ina mtikisiko wake yenyewe. Wimbi lenye masafa yanayolingana nao hunaswa na kutupwa pembeni, mengine hupita. Ni kama redio yako: stesheni nyingi zimejaa hewani, yenyewe hukamata ile uliyoifungulia.

Basi, mwalimu, uchafu hauzibi sauti yote, huchagua. Fuwele inaweza kung'aa machoni, kumbe joto linavyopita ndani yake linamtaja mgeni aliyejificha. Waambie wanafunzi wako kwamba mzee wa redio amekiri kosa. Kwaherini.