Fahamu: Akili unde inavyosoma picha za uti wa mgongo

Ni nini?
Ni programu iliyofunzwa kwa maelfu ya picha za eksirei, CT na MRI. Hutambua pingili, hupima mpindo wa mgongo na kuonyesha panaposhukiwa kuvunjika.

Ina umuhimu gani?
Kwa majeruhi wa bodaboda Kitale au Bungoma, kuchelewa kugundua pingili iliyovunjika kunaweza kuleta ulemavu; programu inaweza kusaidia kuigundua mapema.

Imekubalika?
Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za akili unde zisome eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu. Pendekezo hilo halikuhusu mgongo.

Tahadhari
Programu hukosea, kwa hivyo hakikisha daktari amethibitisha majibu yake. Pia, Sheria ya Kenya ya Kulinda Data, 2019, inalinda taarifa zako za afya.