Kwa nini kufufua gari la kale huchukua miaka

MTU anaponunua gari la kale ili alirejeshe katika hali yake ya awali, swali lake la kwanza huwa ni lini kazi itakamilika. Mafundi wenye uzoefu huchelea kulijibu, kwani hali halisi ya gari hilo haijulikani hadi rangi iondolewe na mabati yaonekane.

Nchini Marekani kazi hii ni biashara kubwa, hasa kwa yale yaitwayo magari ya misuli. Haya yalikuwa magari ya ukubwa wa wastani yaliyotiwa injini kubwa za silinda nane na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeimudu. Wengi huhesabu kuwa enzi hiyo ilianza na Pontiac GTO ya mwaka wa 1964, iliyokuwa na injini ya lita 6.4. Sheria za kudhibiti moshi, gharama ya bima na hatimaye uhaba wa mafuta wa mwaka wa 1973 ziliikatiza.

Leo magari hayo yamepita nusu karne, na adui yao mkuu ni kutu. Chukua mfano wa Ford Mustang ya miaka ya sitini. Chini ya kioo cha mbele mna mfereji wa bati unaoingiza hewa ndani ya gari. Majani na maji hukusanyika humo, bati likaoza, na mvua ikaanza kuvuja miguuni pa dereva. Kwa kuwa sehemu hiyo ililehemiwa kiwandani, fundi hulazimika kukata nukta nyingi za kulehemu ndipo aifikie. Aliyetaka kubadilisha zulia tu hujikuta akibomoa bodi.

Aidha, kuna hila za mafundi waliotangulia, walioziba mashimo kwa puti na kupaka rangi juu yake. Sumaku huweza kuzifichua, kwa maana hainati vyema mahali penye puti nene.

Hata kasoro zote zikijulikana, kazi hizi hutegemeana. Mpaka rangi hawezi kuanza kabla ya fundi wa mabati kumaliza. Injini hupelekwa kwa wenye mashine za kuchonga silinda, nazo bampa kwa wapaka kromu, na kila mmoja ana foleni yake. Vipuri vya Mustang hutengenezwa upya kwa wingi, lakini mwenye gari la nadra hana budi kupekua magari mabovu, pengine kwa miezi mingi.

Pia kuna suala la utambulisho. GTO za mwaka wa 1964 na 1965 zilikuwa Pontiac LeMans zilizoongezewa vifaa maalumu, na nambari ya chasisi haionyeshi tofauti. Asiyechunguza kumbukumbu za kiwanda aweza kutumia akiba yake yote kwa gari la kuigiza. Kwa upande mwingine, wapo wenye bahati ambao hukuta karatasi ya kiwanda chini ya kiti au juu ya tangi la mafuta, ikitaja vifaa vyote vya gari hilo.

Mafuta nayo yana mambo yake. Injini nyingi za zama hizo zilitegemea risasi iliyokuwa katika petroli kukinga mahali vali za kutolea moshi zinapokalia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka wa 2006. Kwa hivyo, hata anayefufua gari kuukuu hapa nchini hushauriwa kuweka vyuma vigumu zaidi mahali hapo injini inapofunguliwa.

Hatari kubwa ni kukwama katikati. Gari lililofunguliwa na kutiwa makasha aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko lilivyonunuliwa likiwa zima, kwa kuwa mnunuzi hajui kinachokosekana. Ndiyo maana inafaa kupiga picha kila hatua, kuandika jina la kila kifaa kinachotolewa, kutenga fedha za dharura, na kutofungua sehemu nyingine kabla ya ile ya kwanza kukamilika.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka gari la kale na ainame mapema, akague uvungu wake kabla ya kulipa.