Nyumba za udongo za Pemba

Nyumba za udongo za Pemba ni nyumba za jadi za wakulima wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, nchini Tanzania. Hujengwa kwa miti, udongo na makuti. Kwa karne nyingi ndizo zilizokuwa makazi ya wakazi wengi wa kisiwa hicho.

Muundo

Ujenzi huanza kwa kuchimbia nguzo ardhini. Miti iliyopendwa zaidi ni boriti za mikoko, kwa kuwa ni migumu na haishambuliwi upesi na mchwa. Fito hufungwa kwa kamba pande zote mbili za nguzo, kisha nafasi iliyo katikati hujazwa udongo, mara nyingine pamoja na mawe madogo. Kazi hiyo huitwa kukandika, na ukuta unaopatikana huitwa kiambaza. Mwenye uwezo husiriba kiambaza kwa chokaa inayotokana na matumbawe yaliyochomwa.

Juu ya kuta hulazwa mtambaapanya, nao hubeba kombamoyo za paa. Fito hufungwa juu ya kombamoyo, na makuti ya mnazi huezekwa kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yateremke bila kupenya. Paa hutokeza nje ya kuta kwa sababu adui mkubwa wa kiambaza ni maji.

Mbele kuna baraza ya kupokelea wageni. Ndani mna ukumbi na vyumba. Nyuma kuna ua wenye jiko na choo, ambao ni mahali pa faragha pa familia.

Historia

Uchimbaji wa akiolojia ulioongozwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kaskazini mwa Pemba umeonyesha kuwa ujenzi huu ni wa kale. Tumbe, iliyokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, ilikuwa na nyumba za udongo. Chwaka iliyo jirani nayo, ya karne ya 11 hadi ya 16, ilikuwa na misikiti ya mawe, lakini wakazi wake wengi waliishi katika nyumba za udongo.

Hivyo, magofu ya mawe yanayoonekana leo, kama yale ya Ras Mkumbuu na ngome ya Pujini inayohusishwa na Mkama Ndume, ni sehemu ndogo tu ya makazi ya zamani. Nyumba ya udongo ikiachwa huporomoka na kurudi ardhini. Mara nyingi hubaki vipande vya udongo vyenye alama za fito, navyo humwezesha mwanaakiolojia kutambua mahali ukuta uliposimama.

Dhoruba ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na baadaye Pemba ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu. Nyumba za wakulima zilitapakaa mashambani, zikiwa na uwanja wa kuanikia karafuu kwenye majamvi.

Mabadiliko

Siku hizi mabati na matofali ya saruji vinachukua nafasi ya makuti na udongo. Makuti hushika moto kwa urahisi na hubadilishwa kila baada ya miaka michache, ilhali mabati hudumu zaidi. Hata hivyo, chini ya mabati joto la mchana huwa kali kuliko chini ya makuti. Mji Mkongwe wa Unguja, uliojengwa kwa mawe, uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nyumba ya udongo haina ulinzi wa namna hiyo: huendelea kuwepo pale tu wenyewe wanapoikandika upya.