Usipitwe na Zabuni: Panga Barua Pepe Zako

Kampuni za vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu zilizosajiliwa chini ya mpango wa AGPO, ulioanza mwaka 2013, zimetengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Hata hivyo, nafasi hiyo haimfaidi anayeona tangazo baada ya makataa kupita. Mara nyingine tangazo lilimfikia, ila likazama katikati ya barua pepe za kibiashara.

Iwapo unatumia Gmail, weka kichujio. Tumia kompyuta, kwani programu ya simu haina nafasi hiyo.

1. Bofya alama iliyo kulia mwa kisanduku cha kutafutia.
2. Andika anwani inayokutumia matangazo, au neno “tender”, kwa kuwa mengi huandikwa kwa Kiingereza.
3. Chagua kuunda kichujio.
4. Weka lebo, kwa mfano “Zabuni”, na uagize barua hizo zisipelekwe kamwe kwenye barua taka.

Barua mpya za zabuni zitakaa pamoja, na utaziona hata kwenye simu. Fungua lebo hiyo kila asubuhi.

Zabuni za umma pia huchapishwa kwenye tovuti ya tenders.go.ke. Kuzisoma ni bure; usimlipe mtu anayekuuzia tangazo.