Utangulizi: Neno Refu Hukatwa Wapi?

Wengi wetu huogopa neno refu la Kiingereza kwa sababu tunalitazama kama gogo zima. Karibu tulipasue pamoja.

Tuanzie nyumbani. Tamka "wanapenda" polepole, utasikia silabi nne: wa-na-pe-nda. Tafuta maana, utapata sehemu nne nyingine: wa-na-pend-a, yaani nafsi, wakati, mzizi na kiishio. Idadi ni ileile, lakini mpaka umehama: silabi "nda" imechukua mwisho wa mzizi pamoja na kiishio. Silabi ni mambo ya sikio, mofimu ni mambo ya maana, na kitabu hiki kinafuata yote mawili bila kuyachanganya.

Katika Kiingereza mambo hayo mawili huachana mbali zaidi. "Strengths" lina herufi 9 na silabi moja tu, ilhali ndani yake mna mzizi wa "strong" uliobadili irabu, "-th" inayounda nomino, na "-s" ya wingi. "Area" lina herufi 4, silabi 3, mofimu moja.

Linalonivutia kuliko yote ni mkazo. Sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatuufikirii. Kiingereza huuhamisha. "Photograph" limeunganisha mizizi miwili ya Kigiriki, wa mwanga na wa kuandika, na mkazo uko mwanzoni. Ongeza "-y", mkazo unaruka hadi silabi ya pili: pho-TOG-ra-phy. Tazama "g": ni mali ya mzizi wa kuandika, lakini sasa inafunga silabi iliyoanza na "t" ya mwanga! Weka "-ic", mkazo unahamia "graph". Lakini "-ness" na "-less" huuacha palepale. Mwanafunzi akizijua tabia hizi za viambishi, atatamka vizuri maneno mengi ambayo hajawahi kuyasikia.

Wakati mwingine sikio huishinda asili ya neno. Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt alipounda jina la helikopta mwaka 1861, aliunga "heliko", msokoto, na "pter", bawa. Waingereza na Wamarekani wakasikia "heli" na "copter". Kutokana na "heli" wakaunda "heliport", kiwanja cha helikopta. Na "copter", iliyobeba bawa zima pamoja na kipande cha msokoto, leo imo katika kamusi kama neno kamili.